Bata Anakula Tope: Mwongozo Kamili wa Kupima Metali Zinazowaingia Ndege wa Majini

Watu wakishuku kwamba bwawa limechafuliwa na mgodi, jambo la kwanza huwa ni kujaza maji kwenye chupa na kuyapeleka maabara. Majibu yakirudi kwamba maji yako ndani ya kiwango, faili linafungwa. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja na kila mara linaniuma, kwa sababu shida ya bata haikuwa kwenye maji. Bata anakula tope.

Tupige hesabu kidogo. Chukua bata wa kilo moja. Tuseme kwa siku anakula gramu 60 za chakula kikavu, na asilimia 12 ya hicho anachomeza ni tope lililoshikamana na mizizi na mbegu. Hizo ni gramu 7.2 za tope. Kama tope lina miligramu 2,000 za risasi kwa kila kilo, bata huyo amemeza miligramu 14.4 za risasi kwa siku moja. Sasa mpe maji yenye risasi miligramu 0.1 kwa lita, mara kumi ya kiwango elekezi cha WHO kwa maji ya kunywa. Akinywa mililita 60, amepata miligramu 0.006. Tope limempa risasi mara 2,400 zaidi ya maji, na wewe umepima maji.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, ofisa wa mazingira au kikundi cha wahifadhi kinachotaka kupima vizuri. Njia nyingi nitakazoeleza zilipata umaarufu kwenye bonde la mto Coeur d'Alene, jimbo la Idaho, Marekani. Uchimbaji wa fedha, risasi na zinki ulianza huko miaka ya 1880, na hadi mwaka 1968 mabaki ya uchenjuaji, yaani kutenganisha metali na mwamba, yalikuwa yakimwagwa moja kwa moja mitoni, jumla takriban tani milioni 62. Mafuriko yaliyasambaza kwenye mabwawa na vinamasi vya bonde la chini. Tangu miaka ya 1920 watu wamekuwa wakiokota huko mizoga ya swani wa tundra, yule ndege mkubwa mweupe mwenye shingo ndefu, anayetua kila majira ya kuchipua akielekea kaskazini na kuchimbua viazi vya majini kwenye tope. Swani alikuwa akifa kwa kile alichokula pamoja na chakula chake.

Hatua ya kwanza: fuata njia ya metali hadi mdomoni

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa plastiki, kaa chini uandike metali unayoishuku inatoka wapi, inapita wapi, na ndege gani anaimeza. Risasi, aseniki na zinki hukaa kwenye mashapo, yaani tope lililotuama chini ya maji. Wanaoathirika zaidi ni wachimbuaji: bata, bata bukini, swani, na wote wanaochuja tope kwa mdomo.

Zebaki ni habari nyingine. Kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, nayo hupanda kutoka kwa vijidudu hadi samaki wadogo, kisha samaki wakubwa, ikizidi kila ngazi. Kwa hiyo ukiwa kanda ya Ziwa Victoria, Geita au Migori, ambako wachimbaji wadogo husaga mawe kwa karasha, huosha kwenye mialo (vijia vya kuoshea mchanga wa dhahabu) na kukamata dhahabu kwa zebaki, bata mla majani hatakuambia mengi. Mtafute mnandi au korongo anayekula samaki. Na angalia marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, yamerundikwa wapi: yakiwa jirani na kijito, mvua za masika zitayapeleka ziwani.

Kuna jambo la lugha nalo. Kwetu neno risasi ni jina la metali na pia la kile kinachotoka kwenye bunduki. Kwenye fomu zako tenganisha: metali iite risasi, na zile punje ndogo za bunduki ya ndege ziite marisau. Utaona baadaye kwa nini kulichanganya hilo kunaharibu utafiti mzima.

Hatua ya pili: vibali na usalama

Tanzania, utafiti wa wanyamapori hupitia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori); Kenya, NACOSTI (tume ya sayansi na teknolojia) na WRTI (taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori). Anza mapema, maana vibali vya kushika ndege huchukua muda. Kuokota kinyesi kunasumbua ndege kidogo kuliko kuwakamata, lakini ndani ya hifadhi bado utahitaji ruhusa.

Kuhusu afya yako: ndege wa majini hubeba homa ya mafua ya ndege. Glavu, barakoa na buti za mpira hazina mjadala, na ukikuta ndege wengi wamekufa kwa pamoja, usiguse chochote. Piga simu kwa daktari wa mifugo wa wilaya kwanza. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini, na buti zioshwe hapohapo. Tope la mgodi likifika nyumbani kwako, watoto ndio watakaolimeza.

Hatua ya tatu: chagua maeneo, na usisahau la kulinganishia

Unahitaji angalau sehemu mbili: ardhioevu unayoishuku, na nyingine yenye udongo na mimea ya aina hiyohiyo ambayo mgodi haukuigusa. Coeur d'Alene walikuwa na mto wa jirani, St. Joe, uliosalimika na mabaki yale. Bila eneo la kulinganishia utabaki na namba tu. Mwamba wa asili nao huwa na metali, na mwenye mgodi atakukumbusha hilo siku ya kwanza ya kikao.

Kisha tumia siku mbili tatu kutazama tu. Kaa na darubini tangu alfajiri. Andika ndege wanakula wapi, kwenye kina gani, mmea gani, na wanapumzika wapi. Bwawa la hekta mia moja linaweza kuwa na kona mbili tu ambazo bata wanazipenda, na ni hizo zitakazokupa jibu.

Hatua ya nne: tope

Chukua tope pale ndege wanapolisha, kwa kina wanachofikia kwa mdomo. Bata anayechuja juu juu anagusa sentimita chache. Swani au bata bukini anayechimbua mizizi huenda chini zaidi, kwa hiyo tumia bomba la plastiki gumu, lidumbukize wima, ziba juu, vuta. Kila kituo changanya vipande vitano kutoka mita chache za mraba kwenye ndoo ya plastiki, kisha jaza mfuko mmoja. Vituo kumi hadi kumi na tano kwa kila ardhioevu ni mwanzo mzuri. Usitumie koleo lenye rangi iliyobanduka wala chombo cha mabati: mabati yamepakwa zinki.

Maabara, kausha, vunja mabonge kwa mti na chekecha. Metali hupenda kushikamana na chembe laini, hivyo ukichekecha kwa wavu mwembamba namba itapanda. Si kosa, mradi uandike ukubwa wa matundu na utumie wavu uleule kila mahali.

Hatua ya tano: kinyesi, ndugu yangu, kinyesi

Hapa ndipo ningetumia nguvu zangu kama ningekuwa na bajeti ya kazi moja tu. Kinyesi hakihitaji kumshika ndege, hakimuumizi, kinapatikana kwa wingi, na kinakuambia kile ambacho tope peke yake haliwezi: kiasi gani kimemezwa kweli.

Siri yake ni rahisi. Mchanga na udongo havisagiki tumboni. Vinaingia na kutoka vilevile. Ukichoma kinyesi na kukichemsha kwenye asidi, kinachobaki, majivu yasiyoyeyuka kwenye asidi, karibu yote ni udongo aliomeza ndege, pamoja na silika kidogo (madini kama ya mchanga) ya mimea.

Utaratibu ni huu. Chagua kundi la ndege wa aina moja lililopumzika kwenye ukingo wa nyasi au mwamba. Subiri saa moja hivi ukiwa mbali. Wakiondoka wenyewe, au ukiwasogelea polepole wakaondoka, nenda ukaokote kilicho kibichi bado. Chukua rundo moja kwa kila mita moja au mbili ili usirudie ndege mmoja. Inua sehemu ya juu kwa kijiko cha plastiki na uiache ile iliyogusa ardhi. Hata chembe chache za udongo wa chini zitakupa jibu la uongo, na uongo wenyewe utaelekea upande uleule unaoushuku. Ndiyo maana ukingo wa tope ni mahali pabaya pa kuokotea. Marundo 20 hadi 30 kwa kila aina ya ndege, kila eneo, kila rundo na mfuko wake, namba yake, saa na mahali. Weka kwenye barafu, kisha gandisha.

Maabara:

1. Kausha kwenye jiko la nyuzi 60 hadi uzito usibadilike, kisha saga na ugawe mafungu mawili. Moja la majivu, jingine la kupima metali. Usipime metali kwenye majivu, kwani joto la tanuru hupoteza baadhi yake, na zebaki huondoka yote. Kama lengo lako ni zebaki, fungu lake likaushwe kwa ubaridi au joto dogo sana.
2. Pima gramu mbili hivi za fungu la majivu kwenye kikombe cha kauri na uchome kwa nyuzi 500 usiku kucha.
3. Chemsha majivu kwa dakika tano kwenye asidi ya hidrokloriki ya nguvu ya 2 M, chini ya kabati la kufyonza hewa.
4. Chuja kwa karatasi isiyoacha majivu, suuza kwa maji moto yaliyosafishwa, choma tena na karatasi yake, pima kilichobaki.
5. Gawa uzito huo kwa uzito wa kinyesi kikavu. Hiyo ndiyo y.

Fanya vivyo hivyo kwa tope la eneo hilo, uipate c, na kwa chakula chenyewe kilichooshwa vizuri sana, uipate b. Usiikisie b. Mimea mingine ya majini, hasa jamii ya nyasi na ndago, ina silika nyingi kwenye majani yake, na ukiipuuza utamsingizia bata kwamba anakula tope kumbe anakula nyasi.

Hatua ya sita: hesabu

Herufi ya mwisho ni a, sehemu ya chakula inayosagika tumboni. Mla mbegu husaga sehemu kubwa, mla majani husaga kidogo. Kanuni ni hii, na x ndiyo sehemu ya tope kwenye mlo:

x = (b − y + ay) ÷ (ay − c + b)

Mfano. Kinyesi kina y = 0.25, tope c = 0.85, chakula b = 0.02, na tunachukulia a = 0.6. Juu: 0.02 − 0.25 + 0.15 = −0.08. Chini: 0.15 − 0.85 + 0.02 = −0.68. Ukigawa unapata 0.118, yaani karibu asilimia 12.

Sasa badilisha a iwe 0.4, kama mla majani. Jibu linaruka hadi asilimia 18. Ukiweka a iwe 0.7, jibu linashuka hadi asilimia 8. Kwa hiyo usitoe namba moja ukaishikilia. Toa jibu la chini na la juu, na useme wazi a uliitoa wapi.

Kuna kipimo cha pili cha kukuthibitishia. Pima alumini pamoja na risasi kwenye lile fungu jingine. Alumini ni nyingi kwenye udongo na ni kidogo sana kwenye mimea. Kama risasi kwenye kinyesi inapanda sambamba na alumini, na uwiano wake unafanana na wa tope la hapo, umeikamata njia yenyewe. Risasi ikiwa juu huku alumini iko chini, tafuta chanzo kingine, na cha kwanza kukishuku ni marisau.

Hatua ya saba: damu

Kinyesi kinaonyesha kilichoingia mdomoni. Damu inaonyesha kilichopita ukuta wa utumbo, na kwa risasi inaeleza habari ya wiki chache zilizopita tu. Kwa ndege wahamiaji hilo ni muhimu: ndege aliyetua jana ana damu ya alikotoka. Chukua damu kwa wale waliokaa.

Kazi hii ifanywe na mtu aliyefundishwa kushika ndege, pamoja na daktari wa mifugo. Kiasi kisizidi asilimia moja ya uzito wa mwili. Kwa bata wa kilo moja mpaka ni mililita 10, na wewe unahitaji moja au mbili. Sindano nyembamba, namba 23 au 25, kwenye mshipa wa ndani wa mguu, wa bawa au wa shingo. Mshipa wa mguu ni mwepesi kupatikana, lakini mguu ndio unaokanyaga tope. Osha kwa maji safi, kausha, futa kwa spiriti, badilisha kitambaa, futa tena. Tone moja la tope kwenye ncha ya sindano linatosha kumtia bata mzima kwenye orodha ya wagonjwa. Bonyeza jeraha hadi damu ikome, na umwachie mapema.

Tumia chupa zenye heparini, dawa inayozuia damu isigande, kutoka boksi ulilokwisha kupima kwamba halina metali. Ukitaka kupima kimeng'enya kiitwacho ALAD, ambacho risasi hukizima hata ikiwa kidogo, usitumie chupa zenye EDTA, dawa nyingine ya kuzuia kuganda. Hiyo hunyang'anya zinki ambayo kimeng'enya kinaihitaji, nawe utadhani ni risasi imekizima. Gandisha haraka, kwa nitrojeni ya maji ikipatikana. ALAD ina thamani kubwa kwa sababu inaonyesha mwili umeanza kuumia, hata kabla ndege hajaonyesha dalili.

Zipo mashine ndogo za kubeba zinazopima risasi kwenye damu kwa dakika chache. Zilitengenezwa kwa damu ya binadamu, na kwa ndege huwa zinasoma chini ya ukweli. Zitumie kuchuja, na sehemu ya sampuli uipeleke maabara kulinganisha.

Hatua ya nane: mizoga

Usimuue ndege ili kumpima. Waliokufa wenyewe wana mengi ya kusema. Tazama kwanza: kifua kilichokonda hadi mfupa umechongoka kama mkuku wa mashua, kinyesi cha kijani nyuma, mabawa yaliyolegea, koo na tumbo la juu vimejaa chakula kisichosonga. Hizo ni alama za sumu ya risasi, ingawa hazitoshi peke yake.

Piga eksirei firigisi kama unaweza, kisha ifungue juu ya sinia jeupe, osha kilichomo na utafute punje za marisau kwa jicho na kwa kidole. Hapa ndipo ile tofauti ya maneno inapofanya kazi. Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, kwa sababu bata huyameza wakidhani ni vijiwe vya kusagia. Swani wengi waliookotwa Coeur d'Alene hawakuwa na marisau yoyote kwenye firigisi, na hilo ndilo lililoelekeza kidole kwenye tope. Bila kufungua firigisi, wawindaji wangebeba lawama ya mgodi. Kwingine huwa kinyume.

Kata vipande vya ini na figo vya gramu tano hadi kumi, kila kimoja na chupa yake. Ini kwa risasi ya karibuni, figo kwa kadimi, mfupa kwa risasi ya maisha yote. Manyoya yanafaa kwa zebaki, kwani huingia unyoya ukiwa unaota na kubaki humo. Kwa risasi siyaamini, kwa kuwa nyingi hushikamana kwa nje na kuosha hakuiondoi yote.

Hatua ya tisa: maabara

Sampuli huyeyushwa kwa asidi ya nitriki safi na kusomwa kwa AAS ya tanuru au ICP-MS, mashine za maabara za kupimia metali kidogo sana. Tanzania unaweza kuanzia kuuliza Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Popote utakapopeleka, omba kabla ya kulipa: sampuli tupu kwenye kila kundi, sampuli rejea yenye cheti, yaani ambayo kiasi chake cha metali kinajulikana, ya aina inayofanana na yako (ini kwa ini, mashapo kwa mashapo), pacha wa sampuli moja kati ya kumi, na kikomo cha kugundua, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho mashine inaweza kukiona, kwa kila metali. Maabara ikisita kukupa hivyo, tafuta nyingine. Nami huingiza sampuli zangu tupu, maji safi yaliyopita kwenye sindano na chupa zilezile, zikiwa na namba za kawaida bila maabara kujua.

Hatua ya kumi: kusoma majibu

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuchanganya uzito mbichi na uzito mkavu. Ini lina maji karibu asilimia 70, hivyo namba ya uzito mkavu ni zaidi ya mara tatu ya ile ya mbichi. Andika ipi ni ipi kwenye kila jedwali.

Kwa jamii ya bata, bata bukini na swani, damu yenye risasi chini ya mikrogramu 20 kwa desilita huhesabiwa ya kawaida. Kati ya 20 na 50 mwili umeanza kuguswa bila dalili za nje. 50 hadi 100 ni sumu yenye dalili. Juu ya 100 ni hali mbaya sana. Kwenye ini, kwa uzito mbichi, chini ya miligramu 2 kwa kilo ni kawaida, kuanzia 6 ni sumu yenye dalili, na juu ya 10 ni kali.

Kwa tope, Coeur d'Alene hutumia miligramu 530 za risasi kwa kilo kama mpaka wa kuwalinda ndege wa majini. Usiuhamishe mpaka huo hadi Geita au Nakuru. Ulitokana na tope lile, madini yale, na ndege wanaokula kwa namna ile. Risasi iliyofungwa kwenye salfaidi huyeyuka tumboni kwa shida kuliko iliyo kwenye kaboneti, na tope lako lina mchanganyiko wake. Ndiyo maana tunapima kinyesi na damu pamoja na tope: ndege wenyewe wanatuambia kiasi gani kinawaingia.

Toa kiwango cha kati (namba iliyo katikati ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa) badala ya wastani, maana ndege watatu wenye namba kubwa mno huvuta wastani kokote wanakotaka. Onyesha pia sehemu ya juu kabisa, asilimia kumi ya ndege wenye namba kubwa, kwa kuwa hao ndio wanaokufa. Kisha wapelekee majibu wanaokaa pale, kwa Kiswahili chepesi, kabla ya kuyapeleka kwenye jarida. Kuna kaya zinazokula bata wa bwawa hilo, na wanawake wanaovuna mizizi kwenye tope lilelile. Waambie ini, figo na firigisi visiliwe hadi itakapothibitika vinginevyo, na mizizi ioshwe na kumenywa.

Baki la kila sampuli ligandishe kwa angalau miaka mitano, na nakala ya namba zake iwe sehemu mbili tofauti. Siku bwawa likisafishwa, rudi msimu uleule, kwenye kona zilezile mbili, uokote kinyesi cha ndege walewale kwa kijiko cha aina ileile.